Springi za upepo au za spoti: soma kabla hujalipia

Swali ni lile lile, kinachobadilika ni jina la gari tu. Wiki hii ni Mercedes E-Class, wiki ijayo BMW ya mfululizo wa 5, baadaye Crown Athlete. Msomaji ameona mtandaoni magari mawili kutoka Japani, mwaka mmoja, rangi moja, bei zimeachana kidogo. Moja lina sasipensheni inayojirekebisha yenyewe, jingine lina ya spoti. Achukue lipi?

Wengi wenu mnaouliza mnaishi Upanga au mnashinda Kariakoo, basi nimejibu kwa kufuata njia zenu, si zile za Ujerumani au Japani yalikobuniwa magari hayo.

Mwenye haraka asome aya hii aende zake. Gari likishafika miaka 8, ukilipata lenye springi za chuma za kawaida na kimo cha kawaida, lichukue hilo na uyasahau yote mawili. Ukilikosa, tafuta lenye shokapu za umeme juu ya springi za chuma. Linalofuata ni la spoti, kwa sharti la kushusha saizi ya rimu. Springi za upepo ziwe za mwisho, tena kwa mtu mwenye akiba. Wenye ubishi, tuendelee.

Jua kwanza unauziwa nini

Muuzaji akikuambia gari "linajirekebisha", huenda anamaanisha kimojawapo kati ya vitu vitatu, na gharama zake hazifanani hata kidogo.

- Springi za upepo. Mahali pa koili ya chuma pana mfuko wa mpira uliojazwa hewa, na nyuma yake kuna kompresa, vali, mipira ya kupitishia hewa na sensa za kupima kimo. Mercedes huziita Airmatic. Zilianza na S-Class W220 ya mwaka 1998, zikaingia E-Class W211 ya 2002, na mwaka 2014 zikafika hadi C-Class W205. Upande wa Japani utazikuta kwenye Crown Majesta za zamani na Lexus LS.
- Shokapu za umeme. Springi ni ya chuma, ila shokapu ina vali inayoongozwa na kompyuta, inalegea au kukaza kadiri barabara inavyokwenda. BMW huita Dynamic Damper Control, Toyota huita AVS.
- Shokapu zenye vali ya ndani, bila waya wala kompyuta. Mercedes waliziweka kwenye C-Class W204 ya 2007 na kwenye E-Class W212 nyingi za kuanzia 2009. Muuzaji akizisifia kama muujiza, mwache asifie. Kwako ni habari njema, maana ikifa moja unanunua jozi ya shokapu za kawaida, unafunga, kazi imekwisha.

Spoti haina fumbo. Springi ni fupi na ngumu, shokapu ni kavu, gari limekaa chini. BMW zenye M Sport hushuka kama milimita 10, Mercedes za spoti kama milimita 15. Namba hizo zinaonekana ndogo mpaka ukutane na tuta.

Kosa ninaloliona kila mara: mtu ana gari lenye shokapu za umeme, anabonyeza kitufe cha Comfort karibu na tuta akitumaini gari litainuka. Haliinuki. Shokapu za umeme hubadilisha ugumu tu, kimo kinabaki pale pale. Linaloinuka ni la upepo peke yake.

Nembo haithibitishi kitu

Nembo ya M na ya AMG unainunua Kariakoo na kuibandika mwenyewe kabla chai haijapoa. Hata bampa la spoti halithibitishi, kwani mengine yalifungwa baadaye juu ya sasipensheni ya kawaida. (Gari la namna hiyo si baya. Lina sura ya kijana na mwendo wa mtu mzima.) Ukweli uko kwenye karatasi, na unautafuta hivi:

1. Omba namba ya chesisi kabla hamjaanza kuzungumza bei. Muuzaji akizungusha maneno, mshukuru, funga simu.
2. Kwa Mercedes, toa orodha ya vifaa vya gari kwa kutumia namba hiyo. Msimbo 489 ni springi za upepo. Msimbo 486 ni spoti.
3. Kwa BMW, msimbo 223 ni shokapu za umeme, 704 ni springi za M Sport, na 2VF ni sasipensheni ya M inayojirekebisha.
4. Kwa Crown, fungua boneti uangalie kichwa cha shokapu ya mbele. Ukiona kifuniko chenye waya, hiyo ni AVS. Hakuna waya, hakuna AVS, hata kama muuzaji ataapa.
5. Omba karatasi ya mnada ya Kijapani, na mwombe wakala akusomee maelezo yaliyoandikwa kwa mkono. Neno "easasu" ni springi za upepo. "Shakocho" ni shokapu za kupandisha na kushusha zilizofungwa na mwenye gari, na "daunsasu" ni springi fupi za kushushia gari. Ukisikia mojawapo ya hayo mawili ya mwisho, gari limeguswa. Ulizia vifaa vyake vya mwanzo viko wapi, na kama havipo, punguza bei au ondoka.

Umri wa miaka 8 nilioutaja juu sikuuokota. Ndipo serikali inapoanza kukutoza ushuru wa ziada wa uchakavu, na ni umri huo huo mpira wa springi za upepo unapoanza kuchoka. Kwa hiyo gari la bei ya kuvutia na lenye upepo ni gari linalokuletea bili mbili pamoja.

Sasa tazama njia yako ya kila siku

Chukua mkazi wa kawaida wa Upanga. Asubuhi anatoka Mtaa wa Mindu, anaingia Barabara ya Umoja wa Mataifa, anaipita Muhimbili, anatokea Fire, kisha anaishika Lumumba kuelekea Mnazi Mmoja na Gerezani. Njia nzima ni foleni, matuta, mifuniko ya chemba iliyozama au iliyokwisha kuibwa, mikokoteni, na mwisho wa safari kuegesha tairi mbili juu ya ukingo wa barabara kwa sababu nafasi nyingine hakuna. Sasipensheni ya spoti huanza kulipa kwenye kona za kasi. Kona ya kasi kati ya Muhimbili na Mnazi Mmoja mimi sijaiona.

Mtu huyo anahitaji vitu vitatu tu: kimo, ubavu mnene wa tairi, na spea anayoweza kuifuata kwa miguu.

Mwingine hesabu yake ni tofauti. Yuko anayekwenda Dodoma kila wiki kikazi, na yuko anayekwenda Moshi kila Desemba na familia nzima, buti limejaa, ndizi zinarudi nazo. Hapa nikiri wazi kwamba springi za upepo hazina mpinzani. Unapakia watu watano na mizigo, kompresa inasukuma hewa, gari linarudi kwenye kimo chake na taa za mbele hazitazami juu kuwapofusha wenye malori. La springi za chuma hukaa chini kwa nyuma, na la spoti, ambalo tayari liko chini, litakwangua kila tuta kuanzia Kibaha. Ukiwa wewe ndiye huyu, na akiba unayo, sitakukataza upepo.

Vuli na masika viingie kwenye hesabu pia. Maji yakijaa bonde la Jangwani, usijaribu kupita na gari lolote kati ya haya, lakini lenye upepo ndilo lisilosamehe. Kwenye modeli nyingi kompresa imefungwa chini, nyuma ya bampa au karibu na gurudumu, nayo huvuta hewa kutoka huko huko. Ikivuta maji mara moja, inaweza isikudai siku hiyo. Itakudai baada ya miezi.

Pima mteremko wa maegesho yako

Hili halimo kwenye maswali yenu, na linapaswa kuwa la kwanza. Maghorofa mapya ya Upanga yana maegesho chini ya jengo, na miteremko mingine imejengwa mikali kana kwamba mjenzi alikuwa na pikipiki. Kupima ni kazi ya dakika kumi:

1. Kwenye gari unalotaka kununua, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ncha ya bampa. Kwa magari haya mara nyingi utapata sentimita 80 hadi 90.
2. Pima pia kimo kutoka ardhini hadi chini kabisa ya bampa. Usipime kwenye bodi, pima kwenye ule mdomo wa plastiki.
3. Nenda kwenye mteremko wako. Kuanzia pale unapoanza kupanda, hesabu umbali ule ule wa bampa, kisha pima umeinuka sentimita ngapi mahali hapo.
4. Mwinuko ukikaribia kimo cha bampa, bampa litagusa. Acha nafasi ya sentimita tatu kwa ajili ya abiria na breki.
5. Angalia na mgongo wa mteremko, pale unapovunjika kuwa sakafu. Gari refu hupita bampa salama, likagusa tumbo.

Gari la upepo lina kitufe cha kuinua, kiasi cha sentimita mbili kutegemea modeli, na kwa mteremko unaogusa kidogo kinatosha. Kwa mteremko unaogusa sana hakitoshi, na kukibonyeza asubuhi na jioni kila siku kunaichosha kompresa iliyokwisha kuchoka.

Rimu inaharibu kuliko springi

Wasomaji wanabishana juu ya sasipensheni huku tatizo lao limekaa kwenye rimu. Chukua E-Class W212. Kiwandani ilitoka na saizi kadhaa, zikiwemo hizi:

- 225/55 R16: ubavu wa tairi ni milimita 124.
- 245/45 R17: ubavu ni milimita 110.
- 245/40 R18: ubavu ni milimita 98. Zile za nyuma za 265/35 R18 hazifiki hata 93.

Tairi hizo za mbele kwa ujumla wake zina kipenyo kinacholingana, kama sentimita 65. Maana yake ukitoka rimu ya 18 kwenda 16 gari halishuki wala halipandi, na spidomita haidanganyi. Unachopata ni milimita 26 za mpira na hewa kati ya rimu na shimo la Lumumba. Gari la spoti lenye rimu 17 au 16 mjini hapa ni laini kuliko la kawaida lililobandikwa rimu 19 za urembo.

Tahadhari mbili. Magari ya spoti mara nyingine yana diski kubwa za breki na rimu ya 16 haiingii, kwa hiyo ijaribu ikizungushwa kwa mkono kabla hujalipa. Na BMW nyingi hutoka na tairi za ranifleti, zile zinazotembea bila upepo. Ubavu wake ni mgumu kwa makusudi. Ukiziondoa na kufunga za kawaida gari linalainika papo hapo, lakini jua kwamba tairi la akiba huna. Nunua pampu ndogo na dawa ya kuziba, au tafuta tairi la akiba linaloingia kwenye buti.

Rimu za mwanzo usiziuze. Zihifadhi. Siku ya kuuza gari, kijana atakayelinunua atazitaka, na ataongeza pesa.

Kukagua la springi za upepo

Muuzaji atapenda mkutane mchana, gari likiwa limewashwa tayari. Kataa. Omba lilale usiku mzima limezimwa, mahali palipo sawa, na ufike asubuhi kabla halijafunguliwa. Modeli nyingi huamsha kompresa mlango ukifunguliwa tu, na ushahidi unapotea.

1. Ukiwa na futi kamba, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne. Andika.
2. Linganisha kulia na kushoto. Tofauti ya kidole kimoja ni swali. Kona moja iliyolala kabisa ni mfuko unaovuja.
3. Washa gari usikilize. Kompresa inanguruma kidogo kisha inanyamaza. Ikinguruma dakika nzima na zaidi, inapigana na uvujaji.
4. Pima tena. Pembe zote zirudi kwenye kimo chake, tena upesi.
5. Changanya sabuni ya maji kwenye chupa ya kupulizia, pulizia mikunjo ya mfuko na maungio ya mipira ya hewa. Povu litakuonyesha. Kwenye mikunjo tafuta vijiufa. Mpira wenye vijiufa unahesabiwa umekufa hata kama leo haujavuja.
6. Bonyeza kitufe cha kuinua. Gari lisipoinuka na dashibodi ikae kimya, kuna mtu amezima kitu.
7. Unganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Isome mwenyewe au uwepo inaposomwa, na uangalie kama makosa yamefutwa asubuhi hiyo.

Wakati wote huo mtu asiingie chini ya gari hilo kwa kutegemea jeki peke yake. Gari la upepo linaweza kushuka ghafla bila kukuaga. Stendi za chuma, pande zote, kisha ndipo fundi alale chini.

Kukagua shokapu za umeme na za spoti

Hapa kazi ni fupi. Kwa za umeme, tazama kama shokapu imelowa oili, na kama soketi yake ya waya ina kutu ya kijani. Tupo karibu na bahari, hewa ya chumvi ya Ocean Road haichagui gari. Kisha endesha kwenye barabara mbovu, ubadilishe kutoka Comfort kwenda Sport na kurudi. Tofauti uihisi kwenye kiti. Usipoihisi, ama zimekufa ama hazikuwepo.

Kwa za spoti, tafuta alama za mikwaruzo chini ya bampa na chini ya sampu, maana ndizo wasifu wa dereva aliyetangulia. Zungusha kidole ndani ya rimu kutafuta mipinde na maungio ya kuchomelewa. Rimu iliyochomelewa sitaipanda kwenda Morogoro.

Njia ya majaribio chagua wewe. Muuzaji atakupeleka Daraja la Tanzanite na Barack Obama Drive, lami safi, bahari upande mmoja, na hapo hata gari lenye shokapu mfu linakwenda kama zulia. Mrudishe mitaa ya ndani. Pita tuta kwa mwendo wa kutembea, vioo vimeshushwa, redio imezimwa. Mlio wa "tok" mmoja mmoja mara nyingi ni stabilaiza linki, na hiyo ni spea ya bei nafuu. Mlio mzito wa chuma kwa chuma ni bushi za mikono au mauntini ya shokapu, usimamishe gari.

Pesa, na safari ya Gerezani

Bei sitaandika, dola haitulii na gazeti linakaa. Fanya hivi: siku moja, zunguka maduka matatu ya Gerezani au Shaurimoyo ukiwa na namba ya chesisi, uliza bei za vitu hivi vinne kwa gari lile lile.

- Jozi ya shokapu za kawaida za mbele.
- Jozi ya shokapu za umeme za mbele.
- Jozi ya springi za upepo za mbele.
- Kompresa pamoja na rilei yake.

Utaona mwenyewe pengo lililopo kati ya shokapu za kawaida na hivyo vingine. Kanuni yangu: usinunue gari la upepo kama huna pesa ya vitu viwili vya mwisho imekaa pembeni siku unayolipia gari. Si "nitaipata". Imekaa.

Kuhusu kununua mtumba, spea hazilingani. Mfuko wa upepo wa mtumba usiununue kabisa, hata kwa bei ya maandazi, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Shokapu ya mtumba ya aina yoyote ni bahati nasibu. Kompresa ya mtumba inaweza kukubalika ukipewa siku za kuijaribu na ukiandikiwa. Mikono ya chuma, sensa za kimo na vishikio vyake, hizo chukua za mtumba bila wasiwasi ukishazijaribu.

Majina ya kuulizia: Bilstein na Sachs kwa magari ya Ujerumani, KYB na Tokico kwa ya Japani, Arnott kwa springi za upepo. Boksi lenye jina si ushahidi, maboksi nayo yanachapwa. Linganisha namba ya spea iliyogongwa kwenye chuma na ile ya orodha ya gari lako. Na kila mara funga jozi, kulia na kushoto pamoja. Anayefunga moja ananunua gari linalovuta upande.

Najua mtasema nini

"Fundi wangu ataondoa upepo afunge springi za chuma." Inawezekana, na kwa Mercedes za zamani kuna vifaa kamili vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nasema vifaa kamili: springi, shokapu na kizima taa ya onyo, vyote vya modeli yako. Kinachofanyika mara nyingi gereji za mtaani ni springi ya gari jingine iliyokatwa kwa gurainda ili itoshe. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kitini mwake gari likiruka tuta. Na ukijua tangu mwanzo kwamba utaondoa upepo, basi nunua la chuma, uokoe gharama ya kubadilisha.

"Nitaweka spesa niinue la spoti." Spesa nyembamba ya springi, ya mpira mgumu, ikifuatwa na alaimenti, haina ubaya. Watu hawaishii hapo. Wanaweka nene, ekseli zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka, tairi zinaliwa upande wa ndani. Kwenye gari lenye shokapu za umeme au springi za upepo, sensa za kimo nazo zinaanza kutoa taarifa za uongo. Rimu ndogo kwanza. Spesa baadaye kama bado ipo haja.

"Spoti hushika barabara, ni salama zaidi." Ikiwa mpya, kwenye lami nzuri, ndiyo. Gari unalotazama lina miaka 10 na shokapu zake huenda ni zile zile za kiwandani. Shokapu ya kawaida iliyo mpya inashika barabara kuliko ya spoti iliyochoka, na tairi jipya linazishinda zote mbili mvua ikinyesha.

"Jirani ana Airmatic miaka yote na haijamsumbua." Muulize jirani ilibadilishwa lini. Mara nyingi mwenyewe wa kwanza alishalipa bili, jirani anakula matunda. Gari lenye risiti ya springi mpya za upepo za jina linalojulikana ni jambo jingine kabisa, na hilo nitakuambia ulitazame kwa jicho jema.

"Shokapu za umeme zikifa si gari linatembea tu?" Linatembea, ndiyo maana nimezipa nafasi ya pili. Kwa kawaida zikikosa umeme hubaki kwenye ugumu mmoja, taa inawaka, unafika nyumbani. Ukizibadilisha kwa za kawaida, taa itaendelea kuwaka mpaka kompyuta irekebishwe, na mnunuzi wako wa baadaye ataiona.

Ukishalinunua

- Safisha chini ya gari kwa maji safi mara kwa mara, hasa mikunjo ya mifuko ya upepo. Mchanga ukikaa mle unasaga mpira kila tuta.
- Kwenye kuoshea magari, usikubali chini papuliziwe dizeli au oili chafu ili pang'ae. Mafuta hula mpira, uwe wa bushi au wa mfuko wa upepo.
- Mfuko mmoja ukianza kuvuja, tengeneza wiki hiyo. Uvujaji mdogo unaifanya kompresa ikimbie bila kupumzika, na rilei yake inaweza kugandamana. Ukibadilisha kompresa, badilisha na rilei. Ni kitu kidogo ambacho mafundi wengi hukiruka.
- Panda tuta kwa magurudumu yote mawili pamoja, si kwa mshazari. Mshazari hukunja gari zima na kuchosha linki.
- Alaimenti baada ya kila kazi ya sasipensheni, hata fundi akisema "haikuguswa".
- Kabla ya kuinua gari la upepo kwa jeki, soma kitabu chake: modeli nyingi zina namna ya kuzuia mfumo usijirekebishe gari likiwa hewani.

Ukisafiri wiki kadhaa na kuliacha gari la upepo chini ya jengo, unaweza kulikuta limelala. Usilitoe likiwa hivyo, hata mita mbili, maana mfuko uliokunjwa unabanwa na chuma ukachanika. Liwashe, simama nje, subiri linyanyuke pembe zote. Lisiponyanyuka, ita gari la kubeba lenye kitanda, mwambie dereva wake alivute kwa winchi taratibu juu ya mbao, na umkataze kulikokota kwa kamba kuelekea Gerezani.